Sekunde Kumi na Nne

Sizya wa Video, aliyerekodi harusi ya shangazi Holo
pale ukumbi wa reli, Tabora,
alikuwa fundi wa makuu. Hakuuza sidii tupu.
Aliitia mlango mbele.
Ukiiwasha, kabla ya kanisa, kabla ya keki,
unatokea ua wetu wa Kiloleni,
na maneno ya manjano yamejipanga juu yake:
CHEZA YOTE. IBADA. UKUMBINI. ZAWADI.
Nyuma ya maneno, mama.

Ameinama mkekani, anaanika matobolwa.
Anasikia kitu. Anainua uso.
Anafuta mkono kwenye kanga,
anafungua mdomo —
kinanda kinakatika,
ameinama tena.

Sisi tulikuwa na haraka. Cheza Yote!
Nani hukawia mlangoni na pilau iko ndani?
Miaka mingapi tumemruka hivyo,
kwa kidole gumba.

Kisha radi ikala deki.
Sidii ikahamia kabati la vyombo,
mikwaruzo kama goti la mtoto.
Mama naye akaondoka, Februari,
msimu wa karanga mbichi,
na picha tuliyoweka jenezani
ilikatwa kwenye kitambulisho.

Mihayo wa shangazi ndiye aliyeihamisha.
Kutwa nzima kompyuta ikikohoa dukani Kanyenye,
jioni akaja na flashi, ganda la karanga,
akaichomeka mgongoni mwa televisheni mpya.
Baba akavaa miwani.
Kioo kikatoa orodha ya namba,
moja nyuma ya nyingine, kama mabehewa ya mizigo.
Kanisa lipo. Keki ipo.
Shangazi Holo anacheza, viatu mkononi.
Saa mbili na robo, hakuna kilichopungua.

"Mlango uko wapi?" baba akauliza.

"Mjomba, tivii hii haisomi menyu.
Inasoma filamu tu. Na menyu si kitu,
ni pa kuchagulia."

Baba aliiangalia rimoti
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ikabidi niseme mimi:
Mihayo, humo ndani hayumo.
Siku ile alikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria.
Nimetafuta. Saa ya kwanza, dakika ya arobaini,
mlango wa jikoni unafunguka, kiwiko kinapita na sinia.
Huenda ni chake.
Huenda ni cha mama Kalunde.

Hakubisha. Alichomoa flashi ikiwa bado ya moto,
akaenda na baiskeli, giza limeshaingia.

Kumbe kilikuwepo. Kijifaili kidogo,
jina lisilo na maana, alikiacha kando na takataka.
Akakileta kesho yake, akaweka kijirudie.
Na maneno ya manjano hayakuja nacho.

Basi tukauona ua wote, mara ya kwanza.
Mahali pa IBADA kuna kuku mwenye kamba mguuni.
Mahali pa UKUMBINI, ndoo ya bluu, ile iliyopasuka.
Na pale pembeni, chini ya ZAWADI,
mkono mdogo unatambaa mkekani
unachukua kipande, unakirudisha, unachukua kikubwa zaidi.

Anafuta mkono. Anafungua mdomo.

"Anamkaribisha Sizya chakula," baba anasema.
Shangazi anasema hapana, anaulizia chumvi.
Mihayo anasema angejua, sauti ingekuwepo.
Mimi sisemi. Nina miaka sita pale,
nina kipande mkononi,
na macho yake, nikiyafuata vizuri,
hayaendi kwenye kamera.

Kila mzunguko baba anabonyeza Sawa.
Hakuna cha kuchagua, Mihayo ameshamweleza.
Anabonyeza tu, polepole,
kama anayebisha hodi kwake mwenyewe.