Fundi wa Taa, Kutaisi

Lamara alitamka, "Taa ya nyumba hii imezimika,"
na Nugzar akaleta ngazi aibadilishe.
Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Otari, mwongozaji, akamvuta kando:
"Taa ni mama wa humo ndani. Amefariki."
"Basi si aseme amefariki?"
Lamara akajaribu. Amefariki.
Neno likadondoka kama kifungo cha koti,
asiinamishe mtu mgongo kuliokota.

Nugzar kimya. Alifuta balbu kwa shati,
balbu nzima, isiyo na kosa.

Mimi ndiye niliyeshika maandishi,
kazi yangu kuwanong'oneza waliosahau,
na naapa hapakuwa na agizo lolote:
usiku wa kwanza, Lamara alipofika pale,
jukwaa zima liliendelea kuwaka,
ila balbu moja ndogo juu ya jiko,
sufuria ikiwa bado yafuka mvuke,
ikafifia,
ikafifia,
ikabaki uzi mwekundu ndani ya kioo.
Safu ya tatu mtu akasahau kukohoa.

Baadaye Otari alifoka: nani kakutuma?
Nugzar alikuwa akikunja waya, kiganja hadi kiwiko.
"Kwangu," alisema, "ilianzia jikoni."