Inveta ya Jebitok

Jebitok alishuka na boksi kifuani kama aliyebeba kibuyu cha mursik,
akalitua juu ya boneti ya Lendikruza yake,
akasema: Fundi, hii ni wati elfu moja na mia tano. Itakaa wapi?

Gari lenyewe nalijua. Ni la mwaka wa themanini na tisa.
Mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba ya katani
na kila ufa una udongo wa kwao:
mwekundu wa Kuresoi, mweupe wa Kariandusi,
mweusi wa Olenguruone usiotoka hata kwa petroli.
Ndani mna mashine ya kusaga lenzi.
Huzunguka nayo minadani, makanisani, siku za malipo ya majani chai,
akiwauzia watu macho.

Mbuthia, mwanagenzi wangu, hakuchelewa:
Mbele, kando ya betri. Waya mfupi, kazi kwisha.
Nikamwambia, weka kiganja hapo. Akaweka. Akakitoa upesi.
Injini ilikuwa imetoka Njoro tu.
Na betri nayo hupumua asidi;
nani humlaza mtoto mlangoni pa choo?

Chini ya kiti cha abiria?
Pana jeki, spana, kopo la samli,
na maji, maana mpira wa mlango ulishakufa
na mto ukifurika Jebitok hangoji upungue.
Juu, darini? Kila shimo la barabara lingeidai.
Nyuma kabisa, ubavuni mwa mashine? Ndipo alipotaka yeye.
Lakini waya wa mita nne ni mlafi:
umeme huondoka kwa betri umeshiba, ukafika na njaa.

Nilipapasa kila pembe. Nilipima kwa shubiri.
Boksi lilikuwa na maandishi madogo, mekundu.
Nikalisogeza mbali hadi mkono ukaisha,
nikaitikia kwa kichwa kama msomi.
Jebitok alikuwa ananitazama. Hakusema neno.

Mwishowe, nyuma ya kiti cha dereva.
Wima, juu ya sakafu kwa upana wa kiganja,
kibao cha mvule kati yake na bati,
matundu ya feni yakitazama pembeni.
Fyuzi nikaiacha kule kule karibu na betri, moto unakoanzia.
Atakuwa akiisikia ikinung'unika njia nzima.
Afadhali. Kitu kinachoweza kuungua kikae karibu na sikio.

Bolti nne. Drili ililia hadi maghala ya nafaka yakaitika.
Tukawasha: taa ya kijani, feni ikavuta pumzi.
Nikataja bei.
Akasema, kaa hapo.

Nilidhani anatafuta pesa.
Alinivika fremu nzito, tupu,
akawa anatia vioo na kuvitoa kama mtu anayeonja chumvi:
hiki? au hiki? Rudi kile cha kwanza?
Kisha mashine ikazunguka kwa umeme wa mikono yangu,
maji yakidondoka juu ya jiwe la kusagia,
na Mbuthia akasahau kunywa chai yake.

Nikavaa.
Kwanza mikono. Sikujua ina makovu mengi hivi.
Mbuthia ameota ndevu, tangu lini?
Nikaliokota boksi, nikasoma: Isifunikwe.
Isiwekwe karibu na betri.
Miaka mitatu nimekuwa nikisoma maonyo kwa kubahatisha,
na Mungu akinyamaza tu.

Halafu nikaiona bolti ya tatu.
Imekaa upande, nusu kidole nje ya mstari.
Nikasema ngoja, naitoa, naanza upya.
Jebitok ameshapanda, ufunguo mkononi.
Imeshika?
Imeshika.
Basi. Molo kuna watu thelathini wananingoja tangu saa tatu.

Akaachia breki.
Nikabaki kando ya barabara, mafuta mikononi,
nikisoma nambari za gari lake, herufi moja moja,
hata baada ya vumbi.