Debe la Mwisho

Machi, Mvumi. Paa la ghala limevuja
mahali pamoja tu:
juu ya karanga.

Nachambua kwenye ungo. Hii nzima.
Hii imesinyaa. Hii ina vumbi la kijani
kama kutu ya sarafu ya zamani.

Ndalu, jirani yangu, anasema kaanga,
moto haushindwi na kitu.
Lakini bwana shamba alituambia sumukuvu
hukaa motoni kama mgeni aliyezoea.
Natafuna moja. Chungu. Natema,
nasukutua, natema tena.

Niwape kuku? Kuku hao ndio ada ya Mbeho.

Saa tisa anafika Chilongola na mizani yake.
“Changanya,” ananong'ona, “zinakwenda mbali hizi.”

Mbali.
Nimeligeuza neno hilo hadi ungo ukanilemea.
Huko mbali nako kuna uji,
kuna mtoto anashika kikombe kwa mikono miwili.

Nimechimba shimo nyuma ya choo, kiuno kikagoma.
Nimefukia debe lote, pamoja na zile nzima,
maana sikuyaamini tena macho yangu.

Usiku huu mlenda hauna karanga.
Mbeho ameuliza mara moja,
kisha akalamba kidole.