Sentimita Kumi na Tano

Lenzi tatu juu ya kioo cha kaunta ya Bhavesh, Makoroboi,
zimepangwa kama ndugu wanaosubiri kunyolewa:
mdogo, wa kati, na mwenye kitambi.
Umeme umekatika. Nje, cherehani zimenyamaza,
mafundi wanabishana kuhusu mpira.
Nina laki sita na nusu kwenye bahasha ya kaki:
picha za pasipoti, picha za vitambulisho,
tazama hapa, usicheke, masikio yaonekane.
Miaka miwili ya masikio.

Unapiga nini, ananiuliza.
Usubi.
Anadhani hakusikia vizuri.
Usubi, Bhavesh, wale wanaoinuka kutoka ziwani
kama moshi wa shamba ambalo halipo,
wale unaowafagia barazani asubuhi kwa ufagio na matusi.
Nataka kumwona mmoja.

Ya kwanza ni milimita sitini. Nyepesi, bei ya urafiki.
Lakini ya namna hiyo niliazima kwa Kulwijila
nikaenda nayo Luchelele, kwenye mafunjo,
na ili kereng'ende aijaze fremu
ilibidi pua ya lenzi imfuate kama mdai mlangoni.
Kivuli changu kikanitangulia.
Akaondoka kabla sijapiga hodi.

Ya tatu, mia na themanini.
Hiyo ina adabu, inasimama mbali,
inamwacha mdudu na shughuli zake.
Naiinua. Dakika ya kwanza mkono unakubali.
Dakika ya pili kiwiko kinaanza kunong'ona.
Utaiweka kwenye stendi, anasema.
Stendi!
Umewahi kusimamisha miguu mitatu
juu ya jiwe la Mwanza,
mawe haya yanayobebana mgongoni
na hakuna hata moja lililolala sawa?
Ukimaliza kukaza skrubu ya mwisho
usubi ameoa, amekufa.
Ana siku moja na nusu tu ya kuwa na mbawa.

Imebaki ya kati. Mia na tano.
Kutoka kioo chake hadi kwa mdudu, sentimita kumi na tano,
urefu wa rula ya mtoto wa darasa la kwanza.
Ndani kuna kitu cha kutuliza mtetemo,
kinaguna kama nyuki kwenye kibuyu,
na Bhavesh anaisifu kama anayeoza binti:
hii itakushika mkono.
Itanishika, ndiyo, kushoto na kulia, juu na chini.
Lakini karibu vile ninakotaka kufika
mtu haponzwi na kushoto wala kulia.
Anaponzwa na mbele na nyuma,
na kule kuyumba kudogo kwa aliye hai.
Kilicho wazi kwenye picha ni ngozi ya kitunguu, ile ya ndani kabisa.
Jicho likikaa, kipapasio ni ukungu.
Hakuna mota ya kunipumulia.

Watoto wachanga ndio walionifundisha.
Ana wiki tatu duniani, anatakiwa pasipoti,
macho wazi, mdomo umefungwa.
Huwezi kumwamuru.
Unatoa pumzi yote,
na kabla nyingine haijaingia
pana kijinafasi ambacho wewe haumo.
Bonyeza hapo.

Basi mmoja alikuwepo, kwenye kona ya kioo,
amebaki kutoka jana usiku, bado mzima.
Nikaegemeza viwiko. Nikaacha mwili usogee kama mlango usio na komeo,
nikatoa pumzi.

Bhavesh aliweka miwani juu ya miwani kutazama skrini.
Vipapasio vyake ni manyoya,
unywele kwa unywele, kijani kikizimikia kwenye dhahabu.
Akakaa kimya, mtu wa duka, kwa muda usio wa biashara.
Laki saba na thelathini, akasema hatimaye.
Themanini elfu zimepungua.
Nitakuletea: watu ishirini, masikio arobaini.

Sijui alijibu nini.
Umeme ulirudi, cherehani zote zikalia kwa pamoja,
kioo kikatetemeka,
na picha yangu ya pili
ni moshi mtupu.