Mkono Topeni

Ilianza na mkono.
Mkono mdogo, vidole vitano, umegandamizwa topeni
nyuma ya choo cha Okumu, hapa Mikindani,
pale maji ya hori yanapofika siku za bamvua.
Mbeyu alisema ni mtoto. Mtoto wa nani, usiku,
peke yake kwenye mikoko?
Tukahesabu watoto. Walitimia.

Basi likawa jini.
Wiki ile Ndurya aliuza ubani
hadi akanunua redio.

Kisha Nzaro, wa darasa la sita, mtoro wa hesabu,
akawaona. Wawili, alisema,
kahawia, koo jeupe, wamelala chali majini,
kaa kifuani,
wanambanjua kama bibi anavyobanjua korosho.
Mwalimu wake akafungua kitabu, akasoma kwa sauti:
fisi maji.

Fisi!
Jina hilo liliwaponza.
Mwenye mbuzi alifunga mbuzi, mwenye panga akanoa panga.
Bi Shekue, mwuza viazi karai wa njia panda,
akauliza bila kuinua macho kwenye mafuta:
"Kiboko cha mwalimu kimewahi kuoga mtoni?
Na kaa la moto, mmeliona wapi likitembea upande?"
Panga zikarudi uvunguni.

Nasi si malaika. Hori hii tumeitupia kila kitu:
nepi, betri, matumbo ya kuku,
godoro la marehemu ambalo hakuna aliyetaka kulilalia.
Lakini mgeni akishaingia, hata mwenye nyumba chafu
hutafuta ufagio.
Vijana wa kuosha magari walihamia juu, karibu na bomba.
Okumu alichimba choo kipya, akilaani kila sururu.
Kitsao peke yake hakuja.
Mitego yake saba ya kaa ilichanwa,
nani atamlipa?
Tukachanga. Shilingi mia tisa na kumi, na kuku.
Alikuja siku ya pili, kuku kwapani,
akasema kuku amekonda.

Halafu malori.
Kuna mtu, hatumjui, ana karatasi, hatujaiona,
anataka hori ijazwe kifusi apate pa kuweka makontena.
Lori la kwanza lilirudi kinyumenyume saa kumi za usiku,
likilia ti, ti, ti, kama lililopotelewa na mama.
Tulitoka na karai, na sufuria, na kanga za kulalia.
Katekista na mwadhini walikuwa na tochi moja,
wakinyang'anyana.
Bwana mmoja mwenye faili akashuka, akatucheka:
"Hao wanyama wenu wana hati ya kiwanja?"

Bi Shekue alijifuta mikono.

*Hati waliandikiwa, kwa matope na kwa maji,*
*Muhuri umeshatiwa, kwa nyayo za mkaaji,*
*Kabla ya wewe kuzawa, kabla haujawa mji,*
*Wenye nyumba ndio hawa, hatunaye mpangaji.*

Bwana faili alikuna shingo.
Dereva akazima injini, akauliza
kama viazi viko tayari.
Lori liliondoka na kifusi chake kulipokucha.
Hatukupiga vigelegele. Kifusi hakiozi,
kinasubiri tu mahali.

Mimi ni fundi baiskeli. Zamu yangu ni Alhamisi.
Alhamisi kumi na nne nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
mbu wakinila, nikilinda
kitu ambacho sijawahi kukiona.
Nzaro amewaona mara tano. Hata Ndurya, eti, amewaona,
na sasa anauza picha yao aliyoichora mwenyewe:
wanafanana na paka aliyenyeshewa.
Mimi nasikia maji yakichapwa, nageuka,
ni duara tu, linapanuka.

Jana, maji yalipotoka, niliukuta tena ule mkono,
mbichi, kingo zake bado zinang'aa.
Sikumwita mtu.
Nikachuchumaa, nikaubandika wangu kando yake,
wenye grisi, wenye kidole kilichokatwa na cheni.
Nikakaa hapo hadi maji yakarudi,
yakaujaza wake,
yakaja kwangu.