Kisogo

Kwaresima ile ya baridi waliniita mimi, Adelino, fundi mawe,
niing'oe altare ukutani.
"Hatua tatu tu," alisema Padre Anakleto,
akanionyesha barua ya askofu yenye muhuri
kana kwamba mimi najua kusoma.
Hatua tatu! Babu wa babu yangu ndiye aliyeifunga kwa chokaa na risasi
akaamini amefunga na hesabu.

Siku mbili nilipiga patasi.
Felismina alikaa benchi la mbele na rozari yake,
kila nyundo inapolia, anaruka Salamu Maria moja.
Nyuma ya jiwe nilikuta masalio ya mishumaa,
mbayuwayu mkavu, mwepesi kuliko jani,
sarafu ya enzi za wafalme,
na karatasi ya mwanamke aombaye mumewe arudi kutoka Brazili.
Padre alinisomea. Ilikuwa na miaka themanini.
"Alirudi?"
Akaikunja, akaitia mfukoni, tukaenda kula.

Sisi wa Vilar de Urze tulimjua padre wetu kwa kisogo:
kovu la jipu chini ya nywele, ukosi uliochakaa.
Kwa mabega tulijua lini ana homa.
Kumpa mtu kisogo ni kumtupa, kila mtoto anajua;
sisi tulipewa kisogo vizazi na vizazi
tukakiita heshima.
Na labda ilikuwa heshima. Mtoto atanguliaye ng'ombe shambani
naye huwapa kisogo,
na wote hutazama mfuo mmoja.

Jumapili akageuka.
Mungu wangu, alikuwa mzee.
Jicho la kushoto lilimcheza, mikono ikatafuta pa kukaa.
"Bwana awe nanyi," alisema kwa Kireno,
Kireno kile kile cha bei ya viazi,
nasi kwa mazoea tukamjibu kwa Kilatini,
kisha tukaangaliana
kama watu waliokutwa wamelala.
Baltasar wa cherehani alitoka nje, hajarudi mpaka leo.
Humsikia jioni akisali peke yake dukani,
Kilatini kimenyooka kama uzi.
Simcheki.

Ila Felismina.
Miaka sitini alipiga kifua mara tatu
kwa maneno yaliyokuwa kwake kama mvua juu ya paa:
yananyesha, yanalaza.
Sasa akasikia kinywa chake kikisema,
"Bwana, sistahili uingie nyumbani mwangu."
Nyumbani.
Ngumi ilibaki kifuani, haikupanda, haikushuka.

Nyumba yenyewe sote twaijua. Mlango wa buluu,
komeo la chuma nililolitia kwa mikono hii, kwa amri yake,
mwaka Zeferino wake aliporudi toka Ufaransa
na saruji kwenye kucha
na mke aliyefungishwa naye ndoa na karani wa serikali.
Walilala ghala la mahindi usiku mmoja,
wakaondoka kabla ya jogoo.
Mke alikuwa na mimba kubwa.

Baada ya misa alimkabili padre, maadamu sasa ana uso:
"Baba, siku zote nilijua Mungu ananisikia.
Hamkuniambia kwamba na mimi nitajisikia."
Padre alifungua kinywa.
Mtaguso mzima, maaskofu wale wote kule Roma,
haukumwandalia jibu.

Jumatatu alinijia. Dini hakuitaja.
Aliuliza kung'oa komeo ni bei gani,
na kama litaacha alama kwenye mbao.
Litaacha, nikamwambia,
kama ukuta ule nilioupaka chokaa mara tatu
na bado unaonyesha umbo la kilichokuwapo.
"Na liache," akasema. "Lakini kwanza niandikie barua."
Ananiambia mimi, nisiyejua a wala be!

Tukaenda wote wawili kwa padre, matope hadi vifundoni.
Tukagonga.
Alikuja kufungua mwenyewe,
leso ya mezani ingali shingoni,
uso kwanza.