Pengo

Saa nane usiku, Graz, chini ya ardhi.
Tramu ya mwisho imekwenda, sakafu imeacha kutetemeka,
na Roswitha anashusha sindano
yenye ncha ya atomu moja.
Inapapasa bila kugusa.

Kwenye skrini safu za oksijeni zinajitokeza,
meno ya oksidi ya titani, sawasawa, sawasawa,
halafu pengo.

Jana aliliita kasoro, akalipa namba daftarini.
Leo molekuli ya maji imeteleza safu nzima
bila kubisha hodi popote,
ikafika hapo,
ikavunjika, ikakaa.

Ufa huu asiuzibe mtu.

Roswitha anakata neno. Haandiki lingine.
Kahawa imepoa. Ulimi wake unarudi, unarudi tena,
pale lilipong'olewa jino Jumanne.